Mji Hukua, Ardhi Haikui

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palikuwa uwanda wenye kinamasi. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu wapatao 119,000. Ile ya mwaka 2019 ilizidi milioni 4. Mipaka ya mji ilipanuliwa mwaka 1963, lakini watu waliipita ardhi kwa kuongezeka. Kwa hiyo yapasa kila eneo lipewe kazi yake: viwanda kando ya reli, maduka katikati, nyumba mbali na moshi, na mahali pa wazi pa kupunga hewa. Hapo pa wazi ndipo hutamaniwa kwanza. Sehemu za msitu wa Karura ziligawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake wakapinga, hata mwaka 1999 ujenzi ukazuiwa. Duka huweza kuhamishwa. Msitu ukikatwa, wajukuu ndio wakosao kivuli.