KIOO CHA ZAMANI: TAZAMA MGONGO KABLA YA USO

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndiyo sababu kioo cha babu hutupwa stoo, kuku wakataga nyuma yake, hadi mnunuzi wa vitu vikuukuu apite akichukue kwa bei ya sufuria. Leo tujifunze kukitambua na kukipima thamani.

Vioo hivi vilifikaje Naivasha? Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa kwetu ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na walowezi wakaleta fanicha zao kwa treni. Jumba la Oserian kando ya ziwa lilijengwa miaka ya 1920. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wengi waliuza vitu wakaenda zao, na vingine vikabaki kwa wenyeji. Sasa kitambue hivi:

1. Uso. Simama upande, utazame ukingo wa mlango ndani ya kioo huku ukisogeza kichwa. Ukingo ukiyumba kama maji, huenda kioo ni cha zamani. Vioo vya siku hizi hulainishwa juu ya bati lililoyeyushwa, njia iliyovumbuliwa Uingereza miaka ya 1950, kwa hivyo haviyumbi.

2. Mgongo. Zamani kioo kilipakwa bati na zebaki. Mwaka wa 1835 Justus von Liebig wa Ujerumani alivumbua njia ya kutumia fedha, nayo polepole ikashinda. Chunga sana! Zebaki ni sumu, usikwaruze mgongo wa kioo.

3. Fremu. Ubao wa nyuma uwe umekauka na kufifia. Skrubu zikimetameta, jua kuna mtu aliyeifungua juzijuzi. Dhahabu halisi haipotezi rangi, lakini rangi ya dhahabu ya kopo hugeuka kahawia.

Je, thamani? Angalia mambo manne: umri, uzima, uasili na historia. Madoa meusi kwenye kioo si aibu, ni cheti cha kuzaliwa. Ukitoa kioo chenyewe ukatia kipya, au ukipaka fremu vanishi ili ing'ae, umejipunguzia bei mwenyewe. Picha ya zamani inayoonyesha kioo hicho ukutani huongeza bei, kwa hivyo itunze.

Kuna sheria pia. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukipeleka ng'ambo kunahitaji kibali. Basi kioo cha mwaka wa 1850 kilicholetwa na treni hakimo, lakini kile kilichoshuka Lamu na jahazi mwaka wa 1880 kimo.

Mwisho, ndugu zangu, anayetaka kununua hawezi kuwa mpimaji wako. Akitaja bei, mwambie arudi wiki ijayo, nawe uulize watu wawili watatu wanaojua. Waelezeni na nyanya zetu nyumbani, maana wao ndio huuza haraka karo ikikaribia. Biashara asubuhi, jioni mahesabu.