Kompresa ya kupigia bampa rangi nyumbani: muulize muuzaji lita ngapi

Fundi, nataka kupiga rangi bampa na vifuniko vya vioo vya pembeni mwenyewe, hapa nyumbani. Dukani wanasema kompresa ya farasi 2 yenye tenki la lita 50 inamaliza kazi. Ni kweli?

Inategemea bunduki utakayoifunga, na nina hakika muuzaji hakukuuliza hilo. Farasi ni nguvu ya mota. Bunduki yenyewe inakula upepo, na upepo hupimwa kwa lita kwa dakika. Bunduki ya HVLP ya kawaida, ambayo mafundi wengi hupigia boneti na milango, hudai lita 250 hadi 400 kila dakika. Kompresa ya farasi 2 mara nyingi huandikwa ubavuni lita 200 hivi, lakini hicho ni kiasi ambacho pistoni ingevuta kama hakuna kinachopotea njiani. Upepo unaotoka kweli ni kama theluthi mbili ya hapo. Kwa hiyo bunduki inataka 300, mashine inaleta 130.

Si tenki litafidia?

Kwa muda mfupi. Tenki la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi baa 4 limekupa lita 200 za upepo. Pengo lako ni lita 170 kwa dakika, kwa hiyo baada ya dakika moja na kidogo umeishiwa. Hapo bunduki inaanza kutema matone, na rangi inakauka na vinundu kama ganda la chungwa. Kifuniko cha kioo utakimaliza kabla hayajakufika. Bampa la Noah, thubutu! Tenki kubwa zaidi linachelewesha tu tatizo, na mota ndogo inaumia kulijaza, maana nyingi hazikuundwa kufanya kazi mfululizo bila kupumzika.

Basi ninunue ipi?

Kwa mtu wa bampa mbili tatu kwa mwaka, mimi ningebaki na farasi 2 na kubadilisha bunduki. Zipo za LVLP, na zipo ndogo za kurekebishia sehemu sehemu, zenye nozeli ya milimita 1 hivi. Nyingi hutumia lita 100 hadi 170 kwa dakika. Utapiga polepole zaidi, ila rangi itatoka sawasawa. Kompresa ya farasi 3 yenye tenki la lita 100 ni nzuri kwa anayetaka kuifanya kazi hii biashara.

Chukua inayotumia oili, na ya mkanda kama fedha inaruhusu. Zisizo na oili ni nyepesi kubeba, lakini nyingi zina kelele ya kukugombanisha na wapangaji wenzako.

Nitajuaje kama lita wanazotaja ni za kweli?

Pima hapo hapo dukani kwa simu yako. Funga koki ya kutolea upepo, washa mashine, tazama geji. Ikifika baa 4 anza kuhesabu sekunde, ikifika baa 7 simamisha. Tenki la lita 50 limeongezewa baa 3, yaani lita 150 za upepo. Ikichukua sekunde 60, mashine inatoa lita 150 kwa dakika. Ikichukua 90, inatoa 100 tu, hata kibandiko kikisema nini. Muuzaji akikataa kuwasha, nenda duka la pili.

Kwa mashine iliyotumika kipimo hiki kina faida zaidi, kwa sababu ringi zilizolika hujionyesha kwenye saa. Kisha toa upepo wote na ufungue koki ya chini ya tenki. Maji yakitoka mekundu ya kutu, liache. Tenki lililochomelewa kiraka usilichukue hata ukipewa bure, kwa kuwa likipasuka linaweza kuua.

Soketi iko sebuleni, na rangi nataka kupigia uani. Nivute ekstensheni?

Refusha mpira wa upepo, waya uache mfupi. Mota ya farasi 2 ni kama kilowati 1.5, na inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya huo. Ekstensheni nyembamba na ndefu inashusha volti, mota inanguruma bila kuzunguka, na usipoizima mapema koili zinaungua. Tena swichi ya kompresa hutoa cheche, nazo hazipatani na mvuke wa thina. Iache mbali na unapopigia.

Mpira mrefu una faida nyingine: upepo unapoa njiani, na mvuke uliomo unageuka maji. Kichujio cha maji basi kifunge mwisho wa mpira, karibu na bunduki; ukikifunga kwenye kompresa, upepo ukiwa bado wa moto, maji mengi yatakipita. Kwa walio Tanga, Dar es Salaam au Mombasa hili halina mjadala. Toa maji kwenye tenki kabla ya kila kazi, na wakati wa masika hata katikati ya kazi.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi kabisa. Klia na rangi za kuchanganya na hadna huwa na isosaineti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na unaweza kuivuta bila kusikia harufu yake. Gereji zilizojipanga humvalisha fundi barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Nyumbani hapa huna hiyo, na watoto wanapita. Ushauri wangu: msasa, praima ya kopo moja na rangi ya msingi fanya mwenyewe, ukivaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, kisha klia peleka bampa kwenye gereji yenye chumba cha rangi. Muulize aliyekuuzia rangi ya msingi ikae saa ngapi kabla ya klia, maana ikipita muda wake itabidi uipitishe msasa na kuipiga upya.