Ukitaka Krismasi ya Kimya, Shukia Usa River

Kila Desemba nusu ya Dar es Salaam inahamia Kilimanjaro na Arusha. Stendi ya Magufuli pale Mbezi haipitiki, tiketi zinalanguliwa mchana kweupe, na mtu aliyezoea kupanda basi dakika za mwisho analala juu ya begi lake. Wengi wao wanakwenda kwao. Mimi kwetu ni Temeke, sina kihamba wala mgomba wa babu huko juu, lakini nimekuwa nikijiunga na msafara huo nikiishia Momela, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Naenda kupumzika. Wanaoniuliza inakuwaje mtu akapumzike mahali ambako kila mtu anakwenda kula mbuzi, nawajibu hapa.

Kwanza tarehe, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Rafiki yangu anayeishi Ugiriki ananiambia vijiji vya huko wakati wa baridi hubaki na wazee na paka. Vijana wote wako Athens. Huku ni kinyume. Desemba ndiyo mwezi ambao kijiji kinajaa. Tarehe 24 na 25 usitegemee utulivu wowote: kwaya zina kinanda na spika, bodaboda zinapanda na kushuka na vijana waliorudi kutoka mjini, na kila boma lina moshi. Kimya kinaanza tarehe 27, watu wakishashiba na kuchoka. Ukitaka kushiriki sherehe, fika tarehe 23. Ukitaka kimya tu, sherehekea kwako, kisha panda basi tarehe 26, siku ambayo wanaosafiri ni wachache na bei imerudi kwenye akili zake.

Kuna pia treni. Ilirudi Arusha mwaka 2020 baada ya miaka zaidi ya thelathini ya reli kulala, na kwa asiye na haraka ni safari nzuri kuliko basi. Ulizia ratiba mapema, maana mvua kubwa zikikata reli, mipango yote inavunjika.

Wa basi, usifike Arusha mjini. Utajiongezea foleni bure na kulazimika kurudi ulikotoka. Mwambie konda akushushe Usa River, kisha tafuta kifodi cha Ngare Nanyuki. Barabara hiyo inapita lango la Ngongongare na kukatiza Hifadhi ya Taifa Arusha, kwa hiyo ukikaa dirishani utawaona twiga na nyati pale Serengeti Ndogo kwa nauli ya daladala. Abiria wa kupita halipi kiingilio. Wenyeji ndani ya gari hawageuzi hata shingo. Mazungumzo ni bei ya nyanya.

Malazi yako ya aina mbili. Kuna hoteli za watalii, nyingine kwenye ardhi iliyokuwa shamba la Hardy Krüger, yule mwigizaji Mjerumani aliyekuja kucheza filamu ya Hatari! pamoja na John Wayne, iliyotoka 1962, akapapenda akabaki kwa miaka kadhaa. Bei zake sizizungumzii. Mimi hupanga chumba kwa mama mmoja mkulima wa nyanya na vitunguu, nilikopelekwa na mtu anayemfahamu. Njia ndiyo hiyo: ulizia kanisani au dukani, na uende ukipelekwa na mtu. Nenda na sukari, majani ya chai na kitenge kimoja kizuri. Shikamoo isikauke mdomoni, hata kwa mtu mliyepishana naye asubuhi.

Maji ndiyo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floraidi nyingi mno, na Ngare Nanyuki na Maji ya Chai ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi nchini. Meno ya kahawia ya watu wa ukanda huu hayatokani na sigara wala uchafu. Ni maji waliyokunywa utotoni, wakati meno yakiumbika. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuiondoa, kinachotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama chujio. Mtu mzima wa kukaa wiki moja hatabadilika meno, lakini kama una mtoto mdogo beba maji ya dukani, au omba ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Na magadi ya kulainishia makande, waambie wasiyatie kwenye chakula cha mtoto.

Chakula hakina shida. Loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, inashika tumbo hadi jioni. Beba sweta pia. Uko kwenye mita kama 1,500, na joto la mchana lisikudanganye.

Mchana unafanya nini? Kidogo sana, na ndiyo maana ya kuja. Lakini amka saa kumi na mbili asubuhi. Meru kwa upande huu umebomoka ukaacha pengo kubwa, kwa hiyo jua linapochomoza linaingia moja kwa moja ndani ya kreta na kuupaka ukuta wa mwamba rangi ya ugoro, kisha ya tofali. Koni ya majivu iliyo chini ya ukuta inabaki nyeusi muda mrefu zaidi. Ukigeuka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko upande wa pili. Kufika saa nne mawingu yameshafunga biashara.

Siku moja ingia hifadhini kwa miguu. Lazima uwe na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na malipo si ya fedha taslimu. Yamalize kabla mtandao haujagoma. Maziwa ya Momela yana magadi, na kila moja lina rangi yake. Mbega utawaona msituni bila kutafuta.

Jumapili nenda ibadani KKKT hata kama si dhehebu lako. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka nje: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Niliwahi kumnunua jogoo kwa bei ambayo Kariakoo ningepata wawili, nikapigiwa vigelegele. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, sasa umekuwa wa hapa. Mchinje mwenyewe."

Jioni kaa na wazee, usikilize zaidi ya kuuliza. Watakusimulia: Novemba 1951, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki ili walowezi wapate ardhi ya kufugia. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi unayolala juu yake ilirudi baadaye kwa wenyewe. Mgeni anayelijua hilo huchagua maneno kabla ya kusifia "mapori matupu" ya Momela.

Kurudi, usingoje Januari, watu wanaporudi na watoto wa shule na magunia. Ondoka tarehe 31 asubuhi. Kifodi cha kwanza kinatoka mapema sana, na tenga la nyanya ulilopewa lina nauli yake. Mpatane na konda kabla hajalipandisha juu.