Kuwafundisha Vijana Kazi ya Kulehemu

Somo kwa wazee wa usharika na viongozi wa vijana
Neno la kusoma: 1 Samweli 13:19–22

Kabla hamjaendelea, fungueni Biblia zenu mkasome aya hizo nne, kisha mrudi kwenye karatasi hii. Ni habari fupi, nasi huipita upesi, maana twakimbilia vita vya Yonathani katika sura inayofuata. Lakini ndani yake mna fundisho kubwa kwa ajili ya vijana wetu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vyote vinavyoelekea mlango wa mto Ruvuma.

Twasoma ya kwamba siku za Sauli Waisraeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja. Wafilisti waliizuia kazi hiyo, Waebrania wasije wakajifulia silaha. Basi kila mtu aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake alishuka kwa Wafilisti. Angalieni vizuri: watu wale hawakukosa vyombo vya chuma, maana walikuwa na majembe na mashoka. Walichokosa ni fundi. Na nchi isiyo na fundi wake, ijapokuwa ina udongo mwema na mvua ya kutosha, maisha yake yamo mkononi mwa mwingine.

1. Habari hii yatuhusuje?

Mwaka 1982 gesi ilivumbuliwa Mnazi Bay, karibu na Msimbati. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba lipelekalo gesi mpaka Dar es Salaam, bomba la inchi 36, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500. Na huko Madimba kikajengwa kiwanda cha kuisafisha gesi hiyo. Bomba lile ni vipande vingi vya chuma vilivyoungwa kwa kulehemu, hiki na hiki. Ujenzi wake ulifanywa na kampuni ya Kichina. Vijana niliowafahamu mimi waliopata kazi katika ujenzi huo walipata kazi ya sepetu na ya ulinzi wa usiku. Wengine walisimama kando ya mfereji wakitazama cheche.

Tena twakumbuka huzuni ya mwaka 2013, bomba lilipokuwa halijakwisha, jinsi mji wetu ulivyoingiwa na ghasia, roho za watu zikapotea na mali zikateketea. Sisemi ya kwamba sababu yake ilikuwa moja tu, wala si kazi ya karatasi hii kuhukumu. Lakini jambo moja lilisikika katika kila kibaraza: watu waliona mali ikipita mbele ya milango yao, nao hawana mkono ndani yake. Kilio hicho si cha kudharauliwa. Lakini na sisi tujiulize: siku mlango utakapofunguliwa, ni vijana wangapi wa usharika wetu wawezao kuingia wakiwa na ujuzi, si kwa upendeleo?

2. Kulehemu ni kazi ya namna gani?

Kulehemu, au kuchomelea kama wasemavyo mafundi, ni kuunganisha chuma na chuma kwa moto. Mashine hupitisha umeme katika kijiti cha chuma. Kijiti kikisogezwa karibu na kazi, hutokea mwali wenye joto la maelfu ya digrii. Kijiti huyeyuka, na kingo za vyuma viwili huyeyuka pamoja nacho, kisha vyote hupoa na kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi. Mwanafunzi wa juma la kwanza aweza kumwaga chuma juu ya ufa, kikapendeza machoni, lakini ndani vyuma vile viwili havikushikana. Mlango uliolehemiwa hivyo huanguka. Na tela likikatika njiani, huua. Kwa hiyo viungo vya mabomba ya gesi hupimwa kwa miale kama ile ipigayo picha ya mifupa hospitalini, ili kilichofichwa kionekane. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani. Kalafati iliyotiwa juu juu hupendeza jahazi likiwa mchangani, lakini bahari ndiyo iulizayo maswali.

Tena hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Vijiti visipotunzwa mahali pakavu hunywa unyevu ule, na kiungo hutokea chenye vitundu na nyufa. Ndiyo maana kazi hii haifundishwi kwa siku mbili, wala kwa kutazama tu.

3. Juu ya wale wanaojitolea kufundisha

Mungu ameamsha mioyo ya wengi wawafundishe vijana pasipo kutafuta faida. Serikali yetu ina Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ambalo huwapokea vijana wanaojitolea na kuwapa stadi za kazi. Watawa Wabenediktini wa Ndanda, waliofika hapo mwaka 1906, wamefundisha ufundi miaka mingi. Nalo shirika la wajitoleaji la Uingereza, VSO, lilishirikiana na VETA na kampuni ya gesi ya BG, kuanzia mwaka 2012, kuyaimarisha mafunzo ya chuo cha VETA cha Mtwara, ili ujuzi wa vijana ufikie kipimo kinachotakiwa na kampuni kubwa.

Katika habari hiyo ya mwisho liko jambo la kuigwa. Wajitoleaji hawakutumwa wawafundishe vijana tu, kisha waondoke. Walitumwa wafanye kazi pamoja na walimu wenyeji, ili mgeni akienda zake ujuzi ubaki. Mwenye kujitolea kwa kweli haulizi tu, "Nimefundisha wangapi?" Huuliza pia, "Nikiondoka, ni nani atakayefundisha?"

4. Kosa letu wenyewe

Nami sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nikiutumikia, tulipata mgeni mwema aliyejitolea kuwafundisha vijana wetu kulehemu kwa miezi mitatu. Vijana tisa waliandikwa. Mashine ilikuwa ya kuazima, na ngao ya uso yenye kioo cheusi ilikuwa moja tu, wakiipokezana. Wengine walitazama huku wamefumba jicho moja, au wameweka mkono usoni. Mimi nilipita, nikawaona, nikafurahi, nikawasifu kanisani Jumapili.

Usiku mmoja mama wa kijana mmoja alikuja kuniita. Nilimkuta mwanawe amelala kifudifudi, akilia ya kwamba macho yake yamejaa mchanga. Haukuwa mchanga; ulikuwa mwali ule, uliounguza macho yake mchana, na maumivu yakaja baada ya saa nyingi, kama ilivyo desturi yake. Kwa rehema ya Mungu alipona baada ya siku mbili. Lakini mama yule aliniuliza neno moja: "Baba Mchungaji, mlijua?" Sikuwa na jibu. Nilijua kusifu, sikujua kuuliza.

Miezi mitatu ilipokwisha, mgeni alisafiri na mwenye mashine akaitwaa mashine yake. Nikakumbuka mwana wa manabii katika 2 Wafalme 6, aliyelia shoka lilipozama mtoni kwa kuwa lilikuwa la kuazima. Yeye alikuwa na Elisha wa kulieleza shoka. Sisi tulibaki na vijana tisa waliojua nusu ya kazi, na nusu ya kazi katika kulehemu ni hatari kuliko kutojua. Kosa halikuwa la mgeni. Lilikuwa letu tulioiita huduma kabla hatujahesabu gharama.

5. Mambo ya kushika

Basi, usharika unaotaka kuanza kazi hii, na uanze kwa mpango huu.

Kwanza, kila mwalimu mgeni awe na mwenzake mwenyeji tangu siku ya kwanza, fundi wa mtaani mwenye tabia njema. Huyo ndiye mwanafunzi wetu mkuu.

Pili, vyombo vitangulie wanafunzi. Ni afadhali kuchanga mwaka mzima tukanunua mashine moja iliyo yetu, kuliko kuanza kesho kwa ya kuazima.

Tatu, kila anayelehemu na kila anayetazama awe na ngao yake ya uso, na mwenye kushika kijiti awe na glovu za ngozi na viatu vilivyofunikwa. Wasilehemu bati au bomba lililopakwa zinki katika chumba kisicho na hewa, maana moshi wake huleta homa. Wala wasiguse kwa moto pipa lililokuwa na mafuta, hata likionekana tupu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka na kuua. Kama hatuna fedha ya ngao tisa, basi tuwe na wanafunzi wawili.

Nne, tufuate majira ya watu wetu. Darasa likianza wakati wa kuokota korosho, vijana wataandikwa kumi na kubaki watatu, wala si wavivu; wanawasaidia wazazi wao. Tuanze mavuno yakiisha.

Tano, ujuzi uwe na ushuhuda. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi, ambao kwa huo fundi aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa na kupewa cheti pasipo kurudi darasani miaka mingi. Wazee wawasindikize vijana wetu mpaka hapo. Kijana asiye na cheti, mikono yake ijapokuwa hodari, hurudishwa langoni.

Sita, mlango uwe wazi kwa wasichana, na kwa vijana wa jirani zetu Waislamu. Tunaishi kibaraza kimoja na kisima kimoja, na cheche haiulizi mtu dini yake.

6. Je, hii ni kazi ya Kanisa?

Wako watakaosema, "Mchungaji ahubiri Injili, awaachie wahunzi moto wao." Nawajibu kwa mafundisho ya baba yetu Martin Luther. Mwaka 1520 alifundisha ya kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana huduma yake, ambayo kwa hiyo amewekwa awatumikie wenzake. Na mwaka 1524, alipowaandikia watawala wa miji ya Ujerumani wafungue shule, alishauri watoto wa kiume wasome saa moja au mbili kwa siku, na saa zilizobaki wajifunze kazi nyumbani. Hakutenganisha kitabu na nyundo.

Tena someni Kutoka 31, mwone ya kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Na katika Waefeso 4:28 Mtume hamwambii mwizi aache kuiba tu, bali afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Kumkataza kijana uovu pasipo kumpa kazi ni kulehemu kwa juu juu: huonekana njema Jumapili, hukatika Jumatatu.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya vijana na ya wazee

1. Waisraeli walikosa nini, chuma au fundi? Sisi je?
2. Katika usharika wetu ni nani mwenye ujuzi wa mikono ambaye hajaombwa kamwe kumfundisha mtu?
3. Tukipata mgeni wa miezi mitatu, ni nani atakayesimama karibu naye?
4. Je, tumewahi kusifu kazi ya vijana bila kuuliza habari za macho yao, mapafu yao na mwisho wa safari yao?

Ombi: Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala hapa duniani, wape vijana wetu mikono yenye ujuzi, nasi wazee utupe macho ya kuona hatari zao kabla hazijawapata. Yaunge yaliyokatika kati yetu, si kwa juu juu, bali mpaka ndani. Amina.