Kupima Ubora na Thamani ya Upasuaji wa Kifuko cha Nyongo kwa Matundu Madogo

Kifuko cha nyongo hukaa chini ya ini, nacho huhifadhi nyongo hadi chakula chenye mafuta kinapofika utumboni. Vijiwe vikijijenga ndani yake na kuziba njia, mgonjwa hushikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, na tiba yake mara nyingi huwa kukiondoa kifuko chenyewe. Carl Langenbuch alikuwa wa kwanza kukiondoa, mjini Berlin mwaka 1882, kwa kupasua tumbo. Mwaka 1985 Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, alikiondoa kwa vyombo vilivyopitishwa katika matundu madogo, na leo njia hiyo ndiyo ya kawaida penye vifaa na wataalamu. Lakini hospitali itajuaje kwamba inaifanya vizuri?

Hesabu zinazotajwa kwanza ni muda wa upasuaji na siku ambazo mgonjwa alilazwa. Hutajwa kwa sababu tayari zimo daftarini, si kwa sababu zinaeleza mengi. Huko Sheffield, Uingereza, wagonjwa 200 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipasuliwa kwa matundu madogo, wengine kwa chale moja fupi. Wote walifungwa bandeji za namna moja, ili waliowahudumia wodini wasijue nani alipasuliwa vipi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kuwa siku za kulazwa zililingana, na kwamba njia ya matundu madogo ilichukua muda mrefu zaidi. Wapasuaji wamepata uzoefu mwingi tangu wakati huo, ila funzo bado lipo: siku za kulazwa hutegemea pia matarajio ya mgonjwa na ya wale wanaomruhusu kwenda nyumbani.

Jambo zito zaidi ni jeraha la mrija mkuu wa nyongo, ule unaotoa nyongo kwenye ini na kuifikisha utumboni. Ukikatwa kwa makosa, mgonjwa aliyekuja kwa ugonjwa wa kawaida huweza kuhitaji upasuaji mkubwa wa kuujenga upya, na wengine hawapati afya yao ya awali tena. Uchambuzi wa majeraha 252 uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa katika asilimia 97 chanzo kikuu kilikuwa macho kudanganyika: mpasuaji aliuona mrija mkuu, akaamini kuwa ni mrija mdogo wa kifuko. Mkono haukutetereka, ulikata pale pale ulipokusudia.

Jeraha hili ni nadra, na unadra huo ndio unaopotosha vipimo. Tuseme hutokea kwa wagonjwa 3 katika kila 1,000. Hospitali inayofanya upasuaji huu mara 60 kwa mwaka itaona jeraha moja kwa wastani wa zaidi ya miaka mitano. Hata ikimaliza wagonjwa 100 bila jeraha, kihesabu haiwezi kudai zaidi ya kwamba kiwango chake halisi huenda hakizidi 3 katika kila 100, kiwango ambacho kingekuwa cha kutisha. Kwa hiyo hospitali ndogo haina budi kupima kinachoonekana katika kila upasuaji. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walieleza masharti matatu ya kutimizwa kabla ya kubana na kukata chochote: mafuta na nyuzinyuzi ziondolewe katika eneo lililo kati ya kifuko, mrija na ini, sehemu ya chini ya kifuko itenganishwe na ini, na vionekane vitu viwili tu vinavyoingia kifukoni, yaani mrija wake na ateri yake. Picha ya hatua hiyo ikihifadhiwa kwenye jalada, mwenzake anaweza kuikagua, na hospitali ikahesabu ni wagonjwa wangapi wana picha inayoridhisha.

Masharti hayo yasipotimia, mpasuaji anaweza kuacha sehemu ya kifuko, kumwita mwenzake au kufungua tumbo. Mfumo unaohesabu kufungua tumbo kama kushindwa ni mfumo wa hatari, kwani humsukuma daktari kuendelea pale ambapo busara inamtaka asimame.

Kuhesabu kusiishie mlangoni pa wodi, maana majeraha mengi hugunduliwa mgonjwa akiwa amekwisharudi kwake. Anayeruhusiwa aelezwe kwamba maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba, homa, macho kuwa ya manjano au mkojo kuwa mweusi ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Thamani ni matokeo anayoyajali mgonjwa yakilinganishwa na gharama ya kuyapata. Utafiti wa hospitali 24 za Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wagonjwa 1,067 wenye vijiwe na maumivu ya tumbo. Baada ya mwaka mmoja, hata katika kundi lililopata huduma ya kawaida, ni asilimia 60 tu waliokuwa hawana maumivu. Baadhi ya maumivu yanayosingiziwa vijiwe hutoka tumboni au utumboni, na upasuaji safi kabisa hauwezi kuyaondoa. Basi ubora huanzia kliniki, kwa kuuliza maumivu huja lini, hukaa wapi na hudumu kwa muda gani. (Kifuko kilichokwisha kuvimba ni habari nyingine, hicho hakifai kucheleweshwa.) Mgonjwa wa selimundu, ambaye hupata vijiwe akiwa bado kijana, ana hatari zake za nusukaputi, na matokeo yake yasichanganywe na ya wengine.

Upande wa gharama, hospitali huhesabu gesi, vibanio na vyombo, na hupunguza mzigo kwa kutumia vyombo vinavyosafishwa na kurudiwa. Mama lishe huhesabu nauli, dawa na siku ambazo hawezi kuinua sufuria. Siku hizo hazimo katika daftari lolote la wodi. Zitapatikana kwa simu moja siku ya thelathini na nyingine baada ya mwaka, zikiwa na maswali mawili: umerudi kazini lini, na maumivu yaliyokuleta yamekwisha?