Teksi Mtandao: Pesa Inayopotelea Kwenye Kilomita Tupu

Kijiweni Dar es Salaam, madereva wa teksi mtandao wakianza kulalamika, lawama zote huenda kwenye kamisheni inayokatwa na programu. Wana haki: mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilitaka isizidi asilimia 15, kisha ikaruhusu ifike 25. Lakini kamisheni huwezi kuipunguza ukiwa nyuma ya usukani. Kilomita unazotembea bila abiria unaweza.

Kwanza lijue gari lako. Jaza tenki, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, piga kazi kama kawaida, kisha jaza tena na ugawe kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Tuseme Toyota IST yako inakwenda kilomita 12 kwa lita na petroli ni shilingi 3,000. Kila kilomita inakula 250.

Sasa inaingia safari ya shilingi 5,000, kilomita sita. Abiria yuko kilomita nne kutoka ulipo, na ukimshusha unarudi mtupu kijiweni kwako. Umetembea kilomita 16, mafuta ya shilingi 4,000. Toa kamisheni ya 1,250: umefanya kazi kwa hasara ya 250, na hesabu unayompelekea bosi mwenye gari bado hujaigusa! Safari hiyohiyo, abiria akiwa kilomita moja tu na wewe ukasubiri pale ulipomshusha, inakuachia 2,000.

Kwa hiyo tazama umbali wa kumfuata abiria kabla ya kubonyeza kukubali. Ukishusha, egesha, zima injini, subiri. Kuzungukazunguka ukitafuta oda ni kuchoma mafuta.

Safari za fedha taslimu nazo zina mtego wake. Abiria anakupa 5,000 yote mkononi, lakini kamisheni inabaki kuwa deni, na likikua akaunti inafungwa. Kila jioni itenge pesa hiyo ya kamisheni kwenye laini nyingine ya simu, pamoja na kiasi kidogo cha oili na matairi. Pesa hizo usizile.

Mfumo wa gesi unapunguza sana gharama ya mafuta, ila pima kwanza foleni za vituo vya njia zako. Saa mbili za kusubiri ni safari ulizozikosa.

Na ukishapata rekodi ya kilomita na mafuta ya wiki kadhaa, nenda nayo kwa mwenye gari mzungumze upya kiwango cha hesabu. Bosi mwenye busara husikiliza namba kuliko malalamiko.