Nyimbo za Sauti Nyingi katika Ibada ya Mayahudi

SWALI: Jirani yangu hapa Neasden, London, ambaye ni Myahudi, anipasha habari kwamba wana nyimbo za kwaya zenye umri wa karne nne. Ni nani aliyezitunga, na je, wanazuoni wao waliziridhia?

JIBU: Mtungaji wake ni Salamone Rossi, Myahudi wa Mantua nchini Italia, mwanamuziki katika kasri la ukoo wa Gonzaga, ambaye mnamo 1623 alitoa mjini Venice kitabu cha tungo 33, zaburi na sala za Kiebrania, kwa sauti tatu hadi nane. Wako waliozichukia, kwani tangu kuvunjwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70 ilikuwa ada kujiepusha na anasa ya muziki kwa ajili ya msiba ule. Lakini rabi Leon Modena, aliyekwisha toa fatwa mwaka 1605 kwamba hapana sharia inayoharimisha kumhimidi Mola kwa sauti zilizopangwa, alikiandikia kitabu dibaji na kuitia fatwa hiyo ndani yake. Uchapaji nao ulikuwa na mashaka, maana Kiebrania husomwa kutoka kulia, kama Kiarabu, na noti za muziki kutoka kushoto. Basi kila kimoja kiliachiwa mwendo wake. Mwaka 1630 Mantua ilitekwa na kuporwa, na tungo zile zikasahauliwa hata Samuel Naumbourg alipozichapisha tena Paris katika karne ya 19.

Karibu na kwetu Afrika Mashariki, Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamaa ya Kiyahudi iliyoasisiwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao huimba zaburi kwa Kiganda, sauti juu ya sauti.